Utabiri wa Mafuriko ya Sabaki kwa Akili Bandia: Onyo Litatolewa kwa Lugha ya Nani?

Mto Sabaki una tabia moja inayomshangaza mgeni wa Malindi: huweza kufurika chini ya jua kali. Mbingu za Mambrui na Gongoni zaweza kuwa kavu, wavuvi wakaanika nyavu zao, watoto wakaenda shule bila kukanyaga tope, na bado maji mekundu ya udongo yakapanda kingo na kuingia mashambani. Sababu yake ni kwamba maji hayo hayakunyesha Malindi. Yalinyesha Ngong, Kiambu, Nairobi na Machakos, yakaitwa Athi, yakaambaa na uwanda wa juu wa Yatta na kupita ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki, yakakutana na mto Tsavo, yakabadili jina kuwa Galana, yakashuka maporomoko ya Lugard, hatimaye yakafika pwani na kuitwa Sabaki. Huo ni mto mmoja wenye majina matatu, wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana, nao hukusanya maji ya bonde linalokadiriwa kuwa na kilomita za mraba 70,000. Mkulima wa Garashi anayeinua macho kulitazama wingu la kwao ili ajue kama mto utafura, anatazama pasipo.

Watu hao hawalimi kingo za mto kwa ujinga, kama inavyodhaniwa mara nyingi na wanaowatazama kutoka mbali. Wanalima pale kwa sababu ya mto wenyewe. Matope yanayoachwa na maji ndiyo mbolea yao, na unyevu wa kingo ndio unaowavusha kiangazi. Sabaki ndio pia unaonywesha miji, kwani maji ya Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa huvutwa Baricho, kandokando ya mto huo huo. Lakini mto unaolisha ndio unaofukuza. Miaka ya 1961, 1997, 2018, 2019, 2023 na 2024 imo katika orodha ya miaka ya mafuriko makubwa nchini Kenya, na katika mwaka wa 2018 na ule wa 2023 familia nyingi za Magarini zilijikuta kambini, vyungu na magunia yao yakiwa yamekwenda na maji. Mvua za Machi hadi Mei 2024 peke yake ziliua karibu watu 300 katika nchi nzima.

Ni katika hali hii ambapo akili bandia inakuja ikiwa na sura ya neema. (Wapo wasemao akili mnemba, na wapo wasemao akili unde, ugomvi huo wa istilahi haujatulia, na hapa si mahali pa kuutuliza.) Kwa muda mrefu utabiri wa mafuriko ulitegemea kanuni zilizoandikwa na wahandisi: mvua kiasi hiki ikinyesha juu ya udongo wa aina hii, penye mteremko wa kadiri hii, mto utapanda kiasi kile. Kanuni hizo hufaa mahali ambapo mto umepimwa kwa miaka mingi. Mito mingi ya Afrika haikupimwa hivyo, ama ilipimwa kisha vipimo vikaachwa viharibike. Akili bandia hufuata njia nyingine. Hupewa kumbukumbu za mvua na za mito mingi ya dunia, kisha ikaachwa itafute yenyewe uhusiano uliopo baina ya mvua na maji ya mto. Ikiisha kuupata, hutumia ujuzi huo katika mto ambao haukuwahi kuuona.

Aina ya mtandao inayotumika zaidi katika kazi hii ilielezwa na Sepp Hochreiter na Jürgen Schmidhuber mwaka 1997, mwaka ule ule ambao El Niño ilivunja madaraja ya Kenya. Ubora wake ni kukumbuka. Mvua ya leo huijumlisha na mvua ya wiki zilizopita, kwa kuwa ardhi iliyokwisha kushiba maji haipokei tone jingine. Mnamo Machi 2024, watafiti wa Google walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya mfumo wa namna hiyo uliofundishwa kwa takwimu za vituo 5,680 vya kupimia mito. Walionyesha kwamba katika mito isiyo na vipimo, utabiri wao wa siku tano mbele ulikaribia kutegemeka sawa na makadirio ya siku hiyo hiyo yaliyotolewa na mfumo mkuu wa Ulaya unaotazama mito ya dunia nzima. Huduma yao iitwayo Flood Hub ilifikia nchi 80 mwaka 2023, na kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa imepita nchi 100.

Kwa Sabaki, siku tano si haba. Maji ya Nairobi huchukua siku kadhaa kushuka hadi baharini, na muda huo wote Malindi haina dalili yoyote mbinguni. Mashine inaona wingu la Machakos ambalo jicho la Garashi haliwezi kuliona. Yeyote anayepinga teknolojia hii kwa sababu tu imetoka ng'ambo, basi na aeleze ni chombo gani cha kienyeji kinachoweza kumwambia mtu wa Marikebuni habari za mvua ya Ngong.

Hata hivyo, kutabiri kwamba mto utapanda ni jambo moja, na kuchora ramani ya nani atafikiwa na maji ni jambo jingine. Hapa ndipo mashine inapoanza kubabaika. Ramani ya mafuriko huhitaji kimo cha ardhi, na katika sehemu nyingi za Afrika ramani za vimo zilitokana na chombo cha anga kilichopima dunia kwa mawimbi ya rada kwa siku 11 mnamo Februari 2000. Rada ile haikufika chini penye miti minene. Ilipima karibu na vilele. Katika nchi ya minazi, miembe na mikorosho, maana yake ni kwamba ramani humpandisha mkulima juu ya mnazi wake, kisha ikatangaza kwamba yu salama. Wataalamu wanalijua kosa hili na wamejaribu kulirekebisha, tena kwa kutumia akili bandia, lakini katika uwanda tambarare karibu na mlango wa mto, kosa la mita moja tu latosha kumweka mtu upande wa wakavu hali yumo majini.

Setilaiti ya Sentinel-1, ambayo ya kwanza yake ilirushwa Aprili 2014, huona maji hata kukiwa na mawingu, na picha zake huonyesha mafuriko yalifika wapi. Lakini setilaiti hupita kwa zamu yake, nayo haiwezi kuusubiri mto. Kisha kuna mafuriko ambayo hayana mto mkubwa wa kutabiriwa. Barabara ya Kilifi kwenda Malindi ilipokatika katika daraja la Mbogolo mnamo Novemba 2023, Sabaki haukuhusika. Na Mai Mahiu, usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, makumi ya watu waliuawa na maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli ambalo tundu lake la kupitishia maji lilikuwa limeziba. Tundu lililoziba halionekani katika takwimu za mvua. Huonekana na mtu apitaye hapo kila siku.

Tuseme, hata hivyo, kasoro hizo zote zitatatuliwa, maana teknolojia hii inakua kwa kasi. Bado litabaki jambo ambalo wahandisi hawalitazami sana, na ambalo wasomaji wa jarida hili wangepaswa kulitazama kuliko watu wote. Kinachotoka katika tarakilishi ni namba. Namba haimwamshi mtu usiku. Kinachomwamsha ni matini: sentensi iliyotamkwa redioni, ujumbe ulioingia katika rununu, sauti ya mzee wa mtaa anayebisha mlango. Kati ya namba na sentensi hiyo kuna kazi ya lugha, na kazi hiyo hadi sasa imeachwa ijifanye yenyewe.

Mfano ulio karibu ni wa mwaka 2023. Tangu mafuriko ya 1997, Wakenya wamelichukua jina El Niño, ambalo kwa wataalamu ni kupata joto kwa maji ya bahari ya Pasifiki, na kulifanya jina la mafuriko yenyewe. Husemwa "elnino imekuja" kama isemwavyo "gharika imekuja". Neno limehama kutoka chanzo hadi tokeo, na mwanaisimu hatashangaa, kwa kuwa maneno ndivyo yanavyoishi. Mnamo Oktoba 2023, baada ya Idara ya Hali ya Hewa kutabiri El Niño, Rais William Ruto aliutangazia umma kwamba El Niño yenye uharibifu kama ilivyohofiwa haitakuwapo tena, ila mvua tu zitakazozidi kiasi. Idara haikufuta utabiri wake wa mvua kubwa kuliko kawaida. Kwa mtaalamu, kauli hizo mbili zingeweza kupatanishwa kwa maelezo marefu. Kwa msikilizaji wa Magarini, kwa maana aliyoizoea ya neno lile, kusema hakuna El Niño ni kusema hakuna mafuriko. Novemba maji yakaja.

Isitoshe, kwa pwani ya Afrika Mashariki, bahari ya Pasifiki si shahidi pekee. Mwaka 1961, ambao wazee hadi leo huutaja kwa mafuriko yake, haukuwa mwaka wa El Niño. Kilichokuwapo mwaka ule, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023, ni kwamba maji ya bahari ya Hindi upande wa Afrika yalipata joto kuliko yale ya upande wa Indonesia. Jambo hilo lina jina la kitaalamu katika lugha za Ulaya, ila katika Kiswahili halijapata jina linalotamkika redioni. Watu wa bahari ya Hindi wanatishwa kwa jina la Kihispania la bahari ya wengine, huku bahari yao wenyewe ikifanya kazi bila jina.

Tena ni kazi gani hiyo ya lugha? Kwanza ni kipimo. Utabiri husema mto utapanda kwa mita moja na nusu, ama utapitisha mita za ujazo kadha kwa sekunde. Mswahili na Mgiriama wa ukingoni hawapimi maji hivyo. Maji hupimwa kwa mwili: maji ya kifundo, maji ya magoti, maji ya kiuno, maji ya kifua, maji ya shingo. Kipimo hiki hudharauliwa kwa kuwa si cha kisayansi, ilhali kina faida ambayo mita haina: kinasema maji yatamfanya nini mtu. Maji ya magoti yanayokwenda kasi humwangusha mtu mzima; maji ya kiuno cha mama ni maji ya shingo ya mtoto wake. Waliosema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu walikwisha kutofautisha baina ya wingi wa maji na hatari ya maji, jambo ambalo vitabu vya kisasa vya maafa hulieleza kwa kurasa nyingi. Ramani ya Sabaki ambayo badala ya rangi tatu ingeonyesha mahali pa magoti, pa kiuno na pa kifua, isingehitaji semina ya kuifafanua.

Pili ni majina. Onyo likisema kwamba Mto Athi utafurika, mtu wa Malindi atadhani unatajwa mji wa Athi River ulioko kaunti ya Machakos, ataendelea na palizi yake. Likisema Galana, huenda akafikiri habari ni za mbugani. Jina lake ni Sabaki. Na hata Sabaki halitoshi, kwa kuwa mto una maeneo, na kila eneo la ukingo lina jina ambalo halimo katika ramani yoyote iliyochapishwa: bonde fulani, kivuko fulani, mkuyu fulani. Majina ya mahali yenye kiambishi tamati -ni ni mengi mno katika pwani hii, na aghalabu hubeba habari za maji, miti na vyombo. Jina Marikebuni lina marikebu ndani yake, iliyo sura nyingine ya merikebu. Kakuyuni laelekea kuwa na mkuyu, mti upendao kukaa penye maji. Ni majina mangapi madogo ya Garashi, Jilore, Baricho, Burangi na Madunguni yanayotaja ziwa lililokauka au mkondo wa zamani ambao mto unaweza kuurudia? Hilo ni swali la isimu kabla ya kuwa swali la uhandisi. Mto unapofurika hukumbuka njia zake za kale, na majina mara nyingine huzikumbuka pamoja nao.

Tatu, na pengine lililo gumu zaidi, ni kiwango cha uhakika. Akili bandia haisemi kwamba mto utafurika. Husema uwezekano wa kufurika ni sehemu fulani ya mia. Kiswahili kina yamkini, huenda, labda, pengine, hakika na hapana budi, lakini wasemaji hawakubaliani ni lipi lenye uzito kuliko jingine, na haijulikani kama mtu wa Mambrui akisikia "huenda mto ukafurika" atafunga mizigo au atalala. Tanzania imepiga hatua hapa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya nchi hiyo imeuzoesha umma daraja za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na msikilizaji wa Tanga anajua kwamba neno moja limezidi jingine. Kwa upande wa Kenya, ilani, onyo na tahadhari hutumiwa kana kwamba ni visawe, na mwandishi wa habari huchagua lile lililomjia kwanza. Visawe ni mapambo katika insha. Katika onyo la mafuriko ni hatari.

Yatasemwa kwamba mashine zenyewe sasa hutafsiri, na kwamba onyo laweza kutolewa kwa Kiswahili mara moja bila kumsubiri mwanaisimu. Ni kweli hutafsiri, na Kiswahili chake kinaendelea kuwa kizuri. Lakini mashine hutafsiri kwa Kiswahili ilichokikuta kimeandikwa, na maonyo ya mafuriko ya Sabaki hayakuandikwa. Kigiriama, ambacho ndicho lugha ya nyumbani ya wengi katika kingo hizo, kimeandikwa kwa uchache zaidi. Mwenye kutegemea kwamba mashine italeta neno ambalo halikuwekwa popote anategemea kuchota maji katika kisima ambacho hakijachimbwa.

Kuna jambo jingine ambalo ramani haliwezi kulisema lenyewe, nalo ni historia ya neno "hameni" katika mto huu. Mwaka 1914, baada ya Wagiriama kupinga kodi na kazi za lazima, upinzani ambao ndani yake jina la Mekatilili wa Menza ndilo linalokumbukwa zaidi, serikali ya kikoloni iliwaamuru watu waliokaa kaskazini ya Sabaki wahame na kurudi kusini. Nyumba zilichomwa, Kaya Fungo ililipuliwa. Ardhi iliyotakiwa iachwe ndiyo iliyokuwa na rutuba. Watu walirejea baadaye, lakini kumbukumbu haikufa. Kwa jamii yenye historia kama hiyo, na ambayo wengi wake hadi leo hawana hati za mashamba wanayolima, afisa anayekuja na ramani yenye rangi nyekundu na kusema "hameni" haonekani kuwa ameleta utabiri. Anaonekana kuwa amekuja kwa ardhi.

Wala hofu hiyo si ya kale tu. Mei 2024 serikali ya Kenya iliwaamuru wakazi wa kingo za mito na wa kandokando ya mabwawa waondoke, na huko Nairobi nyumba za Mathare na Mukuru zilibomolewa huku mvua ikinyesha. Ramani ya hatari iligeuka ramani ya kubomolea. Kiswahili kinatofautisha kuhama na kuhamishwa, kuondoka na kuondolewa, kujiepusha na kufukuzwa. Kauli ya kutendwa si suala la sarufi tu kwa mtu ambaye nyumba yake imo ndani yake. Onyo la mafuriko lisilosema watu watarudi lini, na kwamba shamba litabaki lao, litasikilizwa kama amri, na amri katika mto huu hazina sifa nzuri. Basi hata utabiri ukiwa sahihi kwa saa na kwa dakika, watu watabaki, na atakayelaumiwa ni mwanakijiji asiyesikia.

Mambo haya yanawezekana kufanywa kwa njia nyingine, na mfano haupo mbali. Jijini Dar es Salaam, tangu 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu madarasani ukawapeleka mitaani pamoja na wakazi, wakachora mitaro, vichochoro, nyumba na mahali maji yanapofika katika kata zinazofurika kila masika. Jina lenyewe la mradi ni la Kiswahili, na si la mapambo: ramani hiyo iliwekwa wazi kwa kila mtu, na waliochorwa walikuwa miongoni mwa wachoraji. Mitaro ile isingeonekana kutoka angani. Tofauti ni kwamba kazi ya Dar es Salaam ilikuwa ya wanafunzi wa mipango miji na jiografia zaidi kuliko ya wanafunzi wa lugha, ilhali nusu ya kazi yenyewe, kuuliza, kusikiliza, kuandika majina na kusimuliwa, ndiyo inayofundishwa katika kozi za fasihi simulizi na isimujamii.

Malindi ina kisa chake cha zamani kuhusu teknolojia ya wageni. Vasco da Gama alifika hapo Aprili 1498 akiwa na merikebu, mizinga na dira, lakini hakuweza kuvuka kwenda Kalikati hadi alipopewa rubani aliyezijua pepo za bahari ya Hindi. Mei akawa amefika. Nguzo ya da Gama ingali imesimama ufuoni. Jina la rubani ndilo ambalo wanahistoria bado wanalibishania. Kwa vyovyote vile, ujuzi wa pepo na majira ulikuwapo katika lugha za pwani kabla ya dira ile: watu wa pwani walihesabu siku kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, wakatenga kusi na kaskazi, na katika sehemu kadhaa za pwani neno mwaka lilikuwa, na kwa wazee lingali, jina la msimu wa mvua kubwa. Ni ujuzi wa majira, si wa siku; hautoshi kumwambia mtu kwamba maji yatafika Jumanne. Lakini ni katika kalenda hiyo ambapo taarifa ya Jumanne ingeweza kupokelewa na kuaminiwa.

Hivyo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, ambavyo kila mwaka huandaa makongamano juu ya utandawazi na maendeleo ya lugha, vina kazi iliyo wazi na isiyohitaji fedha nyingi. Ni kukusanya majina ya kingo zote mbili za Sabaki, kuanzia Baricho hadi mlango wa mto, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, na kuyafunga kwa vipimo vya mahali ambavyo rununu yoyote ya siku hizi huvitoa. Ni kuuliza katika kila jina: maji ya 1997 yalifika hapa kwa kadiri gani, magoti au kifua? Yale ya 2018 je? Ni kuwasomea watu sentensi kumi za onyo na kuwauliza wangefanya nini baada ya kila moja. Majibu hayo wapewe Idara ya Hali ya Hewa na serikali ya kaunti ya Kilifi, na nakala ibaki kwa wenyeji, kwa kuwa ni mali yao, na kwa kuwa ramani isiyo mikononi mwao inaweza kutumiwa dhidi yao. Waundaji wa mashine nao watayahitaji: hakuna mfumo unaojifunza mafuriko ya zamani ya Sabaki kutoka mahali ambapo hayakuandikwa.

Mafuriko ya 1997 yana mashahidi wengi. Ya 1961 yanao wachache, na ndiyo yaliyo makubwa zaidi katika simulizi za wazee wengi, yaani ndiyo ambayo mashine ingefaidika nayo kuliko yote. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi alipouona mto ukipanda mwaka ule sasa ni mzee aliyepita miaka sabini. Anajua maji yalikoma kwenye mti gani, na mti huo, kama ungali umesimama, una jina.